Mistari Miwili ya Mawe Juu ya Dirisha

Mwanafunzi aliyeketi akisoma hutoa takriban lita 16 za hewa ya ukaa kwa saa. Chukua wanafunzi 40, uwaweke katika darasa la mita 7.5 kwa 6 lenye dari ya mita 2.7, kisha ufunge mlango na madirisha. Kila dakika, kiwango cha hewa ya ukaa chumbani kitapanda kwa karibu sehemu 88 kwa milioni. Nje ni kama 420. Dakika ya saba, mwalimu hajamaliza hata kuita majina, kiwango kimeshavuka 1,000. Hicho ndicho kikomo alichopendekeza Max von Pettenkofer mjini Munich mwaka 1858, baada ya kugundua kwamba hapo ndipo mtu anayeingia kutoka nje huanza kuhisi chumba kina hewa nzito.

Vipimo hivyo vya darasa vimo katika mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008: mita 7.5 kwa 6, wanafunzi 40 wakikaa wawili wawili kwa dawati. Na hewa ya ukaa kwa viwango hivi siyo sumu. Ni kipimo cha pumzi za wenzako unazozivuta. Panapojaa pumzi za wengine ndipo kifua kikuu, surua, mafua na COVID-19 hupata usafiri wa bure.

Dawa yake inajulikana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde. Kwa watoto 40 hizo ni lita 400, maana yake hewa yote ya darasa letu ibadilike takriban mara 12 kwa saa. Ukisikia hivyo unawaza mitambo na bili ya umeme. Hakuna haja. Shirika hilo hilo, katika mwongozo wa mwaka 2009 kuhusu hospitali, lilitoa kanuni ambayo fundi anaweza kuipiga kwa simu yake: zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo, kisha kwa eneo la uwazi ulio mdogo kati ya pande mbili zinazotazamana. Upepo mwanana wa nusu mita kwa sekunde, ambao hautikisi hata jani la mgomba, utatupatia lita 400 iwapo kila upande una uwazi wa mita mraba 1.25.

Uzito wa kanuni uko katika maneno "uwazi ulio mdogo". Ukuta mmoja ukiwa na madirisha makubwa manne na wa pili ukiwa hauna kitu, upepo hauna pa kutokea, na hesabu yote inaporomoka.

Hapo ndipo Ruiru inaponisikitisha. Mji huu ulikuwa mashamba ya kahawa. Leo shamba limekatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100, na shule ya ghorofa inabanwa humo humo. Ili madarasa yatoshe, mchoraji anapitisha ujia katikati na kuweka madarasa kushoto na kulia. Kila darasa linabaki na dirisha upande mmoja, na upande wa pili mlango unaofungwa kwa sababu ya kelele za ujiani. Nyingi ya shule kongwe za Thika zilijengwa kinyume: safu moja ya madarasa, baraza mbele, madirisha mbele na nyuma. Kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini, jua haliwachomi watoto, na upepo wa pande hizi, unaotoka kaskazini-mashariki sehemu moja ya mwaka na kusini-mashariki sehemu nyingine, hupiga ukuta mmoja au mwingine kwa mshazari. Hiyo ilikuwa kazi ya watu waliojua mahali walipo.

Kosa la pili ni dirisha la alumini la kuslaidi. Linapendeza, lakini kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine, kwa hiyo nusu ya dirisha haifunguki kamwe. Asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya mito ya Chania na Thika, watoto huacha upenyo wa kiganja tu. Tufanye hesabu: madirisha mawili kila upande, yenye kimo cha mita 1.2, yaliyoachwa wazi sentimita 15. Kwa upepo ule ule, kila mtoto anapata lita 2.9 kwa sekunde, na hewa ya ukaa inatulia karibu na 2,000. Madirisha yapo, lakini hayafanyi kazi katika msimu ambao mafua yamepamba moto.

Siwalaumu watoto. Upepo wa baridi unaopiga shingoni hauvumiliki. Suluhisho ni kuupitisha juu ya vichwa vyao, kazi iliyofanywa zamani na matundu ya kudumu juu ya dirisha, yale mafundi huyaita venti, ambayo siku hizi hupigwa plasta au kuzibwa kwa katoni. Ukuta wetu ni wa mawe ya Ndarugo. Mstari mmoja wa mawe una kimo cha takriban sentimita 20. Uwazi wa sentimita 20 kwa urefu wa mita 6.25 ni mita mraba 1.25 kamili. Matofali ya matundu huziba kama nusu ya nafasi, basi jenga mistari miwili, chini kidogo ya dari, kwenye kuta zote mbili ndefu.

Na baridi je? Mtoto aliyeketi hutoa joto la kama wati 70. Watoto 40 ni wati 2,800, sawa na hita kubwa ya umeme. Hata hewa ikibadilika mara 12 kwa saa, joto hilo linaweza kuliweka darasa juu ya nje kwa nyuzi 5 hivi, kuta zikishapata moto. Sweta itamaliza yaliyobaki.

Kwa shule zilizopakana na barabara kuu ya Thika kuna tatizo jingine: kelele, na moshi wa magari. Huko uwanja na miti vikae upande wa barabara, madarasa yasogezwe nyuma.

Mwongozo wa 2008 unataka pia madirisha yasiwe na vyuma, yafunguke kwa urahisi kuelekea nje. Sababu yake ni moto: wavulana 67 walikufa bwenini Kyanguli, Machakos, Machi 2001, madirisha yakiwa na vyuma. Dirisha linalomwokoa mtoto usiku wa moto ni lile lile linalompa hewa mchana.

Nyinyi mlio katika bodi za shule Thika, Juja na Ruiru, mkandarasi akileta ramani, msimwulize bei kwanza. Mwulizeni upepo unaingilia wapi na kutokea wapi, mpime uwazi ulio mdogo, na kama haufiki mita mraba 1.25, msitie sahihi.