Kiraka na Takhmisi

Jina la "sanaa ya taka" limeshazoeleka katika maonyesho na maduka ya mwambao wetu, na wengi hulitamka kwa nia njema. Sina ugomvi na nia hiyo. Ugomvi wangu ni na jina lenyewe, kwa kuwa linakitaja kilichotupwa na kumsahau aliyekiunda.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kikapu katika duka moja la hapa mjini. Kilikuwa kimesukwa kwa ile mikanda ya plastiki inayofungia maboksi ya bidhaa, nyeupe na buluu, na karatasi iliyoning'inia mkononi mwake ilinieleza kwa urefu habari za bahari, za samaki na za kasa. Haikusema kimesukwa na nani wala wapi. Siku ya tatu, katikati ya soko, mkono ukachomoka na ndimu zangu zikatawanyika miguuni mwa watu. Nilipokitazama kwa utulivu niliona kuwa mwili wa kikapu ulikuwa kazi ya mtu ajuaye: pembe zimekaa sawa, mistari haikupotoka, chini pamesukwa maradufu. Mkono, lakini, ulikuwa umebandikwa kwa gundi, yumkini na mtu mwingine kabisa na kwa haraka. Kilichonishughulisha zaidi ya ndimu ni kwamba nilikuwa nimeshakisamehe. Nilijisemea, si kitu, hata hivyo kimetengenezwa kwa taka. Kikapu cha ukili kingekatika mkono siku ya tatu, msusi wake angenisikia.

Msamaha ule ndio ulionisukuma kuandika. Tunapokiacha kitu kipite bila kukipima, ati kwa sababu kimetokana na kilichookotwa, tunamwambia fundi kuwa hatukutarajia mengi kutoka kwake. Na fundi anayesifiwa kwa kuokota hulipwa ujira wa muokotaji. Kijana anayejifunza leo kusuka, kuchonga au kushona huliona jambo hili upesi kuliko sisi wahakiki: hutambua kwamba hadithi ya bahari inauza kuliko fundo lililokazwa vizuri, naye huweka bidii yake panapolipa.

Ajabu ni kwamba watu wa visiwa hawakungoja kufundishwa kutumia tena kilichokwisha kutumika. Husimuliwa kuwa kanga yenyewe ilizaliwa na kuunga: katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua leso za mraba ambazo hazijakatwa kutoka jora, wakaziunga sita sita, tatu juu na tatu chini, zikawa nguo moja. Na kanga haifi siku inapochujuka. Kwanza huvaliwa nje, kisha nyumbani, kisha huwa mbeleko, winda, ngata ya kubebea ndoo, kishikio cha sufuria, na mwisho tambara la kudekia. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mto mkubwa ulioshonwa kwa vipande vya kanga zilizofikia umri huo. Majina ya kanga yalikuwa yamekatwakatwa na mkasi, kipande kimoja kikibaki na mwanzo wa neno na kingine na mwisho wa jingine, nasi wajukuu tulilala juu yake tukishindana kukamilisha nusu zilizopotea. Herufi zangu za kwanza nilizisoma hapo, kabla ya ubao wa skuli. Bibi hakupata kuuita mto ule sanaa. Lakini alipochagua kipande alikigeuza mara mbili tatu, akakitenga, akakirudia. Na nyekundu haikukaa karibu na nyekundu kwa bahati.

Nenda ufukweni, pwani ya mashariki ya Unguja, utaona jambo hilo hilo katika kazi ngumu zaidi. Makumbi ya nazi, ambayo kwingine ni kuni tu, huchimbiwa mchangani pale maji yanapoingia na kutoka, yakaachwa miezi. Kisha huchimbuliwa, hupondwa kwa gongo mpaka nyuzi ziachane, na wanawake huzisokota kamba kwa viganja vya mikono yao. Kwa kamba za namna hiyo wazee wa visiwa vya Lamu walishona mitepe, vyombo vya mbao visivyokuwa na msumari hata mmoja. Mtepe ulioundwa upya kwa ajili ya kumbukumbu ulipata kuonyeshwa Unguja katika Beit-al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Aliyeusimamia mtepe ule na kuutazama hakujiuliza makumbi yametupwa na nani. Alitazama mshono.

Wasomaji wa kurasa hizi hawahitaji kufundishwa takhmisi, lakini naomba ruhusa ya kuileta hapa, kwani sijaona mizani bora ya kupimia kazi hizi. Mtunzi huchukua shairi la aliyemtangulia, na mbele ya kila mishororo miwili ya kale akatanguliza mitatu yake, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ndiye anayetajwa kulifanyia hivyo shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Masharti yake ni magumu. Mishororo mipya lazima ipokee kina cha ule wa nne, ambao si wake. Na wa tano uendelee kushika kina kinachopita shairi zima. La kale halifutwi wala halirekebishwi. Hupewa majirani wapya, na likiwa limepata mtunzi hodari, husema zaidi ya lilivyosema lilipokuwa peke yake. Basi nikikutana na kazi yoyote iliyoundwa kwa kitu kilichotumika, najiuliza mawili: kile cha kale kingali kinasomeka? Na kiungo, pale kipya kinaposhikana na cha kale, kimekaza?

Tuanze na kazi iliyosifiwa kuliko zote mwambao huu katika miaka ya karibuni, jahazi la Flipflopi. Liliundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda, likashushwa majini Septemba 2018. Urefu wake ni mita 9. Kiasi cha tani 10 za plastiki zilizokusanywa ziliingia katika kazi hiyo, na ubavu wake ukavishwa kandambili zipatazo 30,000. Januari na Februari 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi, na mwaka 2021 likapelekwa kuzunguka Ziwa Victoria.

Picha zote nilizoziona ni za kandambili. Haishangazi, kwa kuwa rangi zile zinavuta jicho kutoka mbali. Lakini kandambili ni vazi. Jahazi liko chini yake: mkuku, mataruma na mbao, vyote vya plastiki iliyoyeyushwa na kutengenezwa upya, vikachongwa na kuungwa kwa mikono iliyozoea mti. Anayejua kidogo mambo ya uundaji ataelewa uzito wa neno hilo. Muundaji wa mbao huingia msituni akitafuta taruma lililokwisha kupindwa na Mungu, tawi lenye mkunjo unaolingana na ubavu anaoutaka, kwa sababu mti una nyuzi na nguvu yake hufuata nyuzi. Plastiki haina nyuzi, haina mkunjo wa kuzaliwa nao, tena hulegea zaidi ya mti. Fundi aliyeyazoea maarifa ya mti tangu utotoni alitakiwa kuunda umbo lile lile kwa kitu kisichompa hata moja katika ishara alizofunzwa kuzisoma. Na jahazi likaelea, likabeba watu, likaingia Unguja.

Hapo mizani ya takhmisi inanipa jibu ambalo sikulitarajia. Nilidhani, kama walivyodhani waandishi wengi, kwamba katika kazi hii kandambili ndizo mishororo ya kale na jahazi ni ubunifu mpya. Ni kinyume chake. Chupa na ndoo zilizoyeyushwa hazisomeki tena. Historia yao imekwisha motoni. Kinachosomeka, kilichopokelewa bila kubadilishwa kina, ni umbo la jahazi lenyewe, na plastiki ndiyo mishororo mitatu mipya iliyolazimika kulifuata. Anayesifu plastiki akaliacha umbo amesoma ubeti kuanzia juu akaishia wa tatu. Kwa haki, niseme pia kwamba wenye jahazi walikusudia ujumbe, nao ujumbe ulifika: uchafu wa plastiki baharini si jambo la mzaha kwetu tunaokula kutoka baharini. Walihitaji rangi za kandambili ili watu wasimame kutazama. Mimi nalalamikia tuliosimama, tukatazama rangi, tukaenda zetu.

Kazi ya El Anatsui ni ya mkondo mwingine. Huyu alizaliwa Ghana mwaka 1944 katika jamii ya Waewe, ambao kwao kufuma kente ni kazi ya ukoo kama kwetu kusuka mikeka, akahamia Nsukka, Nigeria, mwaka 1975 kufundisha chuo kikuu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikutana na mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe kali. Tangu hapo yeye na wasaidizi wake hupondaponda vifuniko, huvikunja, huvitoboa, wakaviunga kwa waya wa shaba mpaka vikawa mfano wa nguo kubwa za kufunika kuta. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu huko Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Kazi zile ukizikaribia, majina ya vileo bado yanasomeka. Pombe kali ya namna hiyo iliingia Afrika Magharibi pamoja na biashara ya watumwa, na fundi hakulifuta jambo hilo kwa moto, amelifuma. Hapa kifuniko ndicho mshororo wa kale. Na kiungo, ule waya mwembamba, kinaonekana wazi kama uzi wa kiraka. Naiona kazi hii kuwa kubwa kuliko jahazi, japokuwa haielei, kwa sababu ndani yake kilichotupwa kinazungumza wenyewe kuhusu aliyekitupa.

Edward Saidi Tingatinga sitakaa naye sana. Alichora juu ya mbao laini za dari kwa rangi za baiskeli, akafariki mwaka 1972, na leo hakuna anayeziita picha zake sanaa ya mabaki ya ujenzi. Lililobaki ni mkono wake, ingawa wanaouiga kwa watalii wameuchosha. Ningependa zaidi kuwataja watoto wa Kiwayu, katika visiwa vya Lamu, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 walionekana wakichonga vitu vya kuchezea kutokana na kandambili zilizosukumwa ufukweni na mawimbi. Kutokana na mchezo wao kukaanzishwa mradi mzima wa kuchonga wanyama wa rangi kwa ajili ya kuuza. Wanyama hao, simba na twiga, ni wazuri dukani. Lakini mtoto wa kisiwani, ambaye twiga hajamwona, kilichomzunguka ni vyombo na bahari, na mradi uliouza twiga umewapa wanunuzi Afrika waliyokuja nayo. Hapo kina kimepokewa kutoka kwa mnunuzi, na kwa hilo naona takhmisi imeharibika.

Kikapu changu nilikipeleka kwa bibi mmoja wa jirani ambaye husuka miguuni pa mlango wake kila alasiri, akizungumza na wapitao, macho hayako kwenye ukili hata kidogo. Sikumwambia kitu. Alikigeuza kama bibi yangu alivyokuwa akigeuza vipande vya kanga, akapitisha kidole chini, kwenye pembe, kwenye ukingo. "Huyu kasuka," alisema. Akaukuna ule ukavu wa gundi kwa ukucha, akacheka, akautupa mkono wa zamani kando. Mkono mpya aliusokota kwa kamba ya makumbi, akaupitisha chini ya safu nne za plastiki badala ya moja, akaukaza kwa meno. Aliniuliza nitabebea nini. Nikasema ndimu. Akaongeza safu ya tano.