Tingatinga: Jina na Kazi

Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipata kuwa kibarua wa mkonge katika mkoa wa Tanga, wenye Handeni na Korogwe, kabla ya kuchora kwa rangi za baiskeli na kuuza picha zake barabarani Dar es Salaam. Aghalabu alichora mnyama mmoja tu, na nyuma yake akaacha rangi tupu. Wafuasi wake wengi wameijaza nafasi hiyo ndege na maua, hata mnyama hapati pa kupumulia. Siku hizi "tingatinga" ni jina la picha zote za namna hiyo, nzuri na mbaya. Jina limeenea, lakini ule utulivu, ambao ndio uliokuwa ustadi wake, haukurithiwa na wengi.