Maji Yakitakata, Kaboni Bado Imo

Maji yakipwa katika ghuba za Pemba, yale yanayotoka kwenye mikoko huwa na rangi ya kahawia. Hayo ni majani, magome na mizizi iliyooza ikayeyuka. Ukifika Mkondo wa Pemba, bahari ni buluu tupu. Ni rahisi kuamini kwamba mabaki hayo yamekwisha: mengine yamesambaa, mengine yameunguzwa na jua. Jaribio lililofanywa kwa maji ya Mto Kongo linatuonya tusiyaamini macho haraka hivyo.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009 na Robert Spencer na wenzake. Maji yalichujwa ili kibaki kilichoyeyuka tu, kisha yakaangazwa kwa siku 57. Kazi ya namna hii hutumia vyombo vya kwatzi, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia mionzi mikali ya urujuanimno, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi ya kuvunja. Maji yaleyale huwekwa pia gizani kwa muda uleule na katika joto lilelile. Bila chombo hicho cha giza, huwezi kutenganisha kazi ya mwanga na kazi ya bakteria.

Kinachotokea ni hiki. Molekuli zinazoyapa maji rangi ndizo zinazofyonza mwanga, kwa hiyo ndizo zinazoumia kwanza. Pete zao za kaboni hupasuka. Sehemu hugeuka kaboni dioksaidi na kaboni monoksaidi, sehemu hubaki vipande vidogo ambavyo bakteria huweza kuvila, na sehemu hubaki majini bila rangi.

Sasa tazama hesabu. Rangi ilipotea kwa asilimia 85 hadi 95. Lignini, kemikali ya miti ambayo watafiti huitumia kutambua mabaki ya nchi kavu baharini, ilipotea kwa zaidi ya asilimia 95. Lakini kaboni yenyewe ilipungua kwa asilimia 45 hivi. Maana yake, zaidi ya nusu ya kaboni ilikuwa bado imo katika maji yaliyokaribia kutakata. Tena uwiano wa kaboni-13, alama nyingine ya asili ya kaboni, katika kaboni iliyobaki ulipanda kwa sehemu 3.1 kwa elfu, ukasogea kuelekea ule wa kaboni ya baharini. Mashahidi wote watatu, yaani rangi, lignini na kaboni-13, waliondoka au waligeuza kauli, na mtuhumiwa, yaani kaboni iliyobaki, angali palepale.

Hili linaigusa Pemba moja kwa moja, kwani sehemu kubwa ya mikoko ya Zanzibar iko huku. Mwaka 2006 Thorsten Dittmar na wenzake, waliofanya utafiti kaskazini mwa Brazili, walikadiria kwamba mikoko huchangia zaidi ya asilimia 10 ya kaboni ya mabaki ya viumbe iliyoyeyuka inayotoka nchi kavu kwenda baharini duniani. Atakayeitafuta kaboni ya mikoko yetu katika Mkondo wa Pemba kwa kupima rangi na lignini peke yake atapata kidogo, kisha ataandika kwamba mikoko haitoi kitu.

Wala tusiichukue asilimia 45 tukaibandika Pemba. Ndani ya msitu wa Ngezi matawi huzuia jua, na vijito vyetu ni vifupi, hufika baharini kabla mwanga haujafanya kazi kubwa. Katika maji ya kahawia, mionzi ya urujuanimno hufifia haraka karibu na uso. Nafasi kubwa ya jua iko nje, kwenye ghuba za maji mafupi, ambako maji husambaa na kukaa wazi.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kiwe kaboni yenyewe: maji huunguzwa kwenye tanuri, na kaboni dioksaidi inayotoka hupimwa. Rangi na lignini vifuate kama ushahidi wa ziada. Maji yachotwe kijitoni, mikokoni na mkondoni, kila sampuli na pacha wake wa gizani. Mikoko ya Pemba inastahili hesabu iliyo kamili, na hesabu hiyo haiwezi kufanywa kwa kuangalia weupe wa maji.