Mizani Tele, Shairi Hakuna

Mwalimu akisahihisha mashairi ya wanafunzi wake, mara nyingi huhesabu kwanza. Mizani 16 katika mshororo, 8 huku na 8 huku; vina vya kati vyalingana, na vya mwisho vyalingana. Basi huandika alama nzuri na kufunga daftari. Twasema kazi yake bado.

Hatuzilaumu sheria. Kaluta Amri Abedi alizieleza katika kitabu chake cha 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, na kitabu hicho kimewafaa wengi. Yampasa mtoto ajue kwamba «mto» ni mizani mbili, kwa kuwa m yake husimama peke yake, na «mbali» pia ni mbili tu, kwa kuwa m yake huegemea b. Asiyejua hayo hawezi kupima mshororo wo wote. Lakini tutazame mishororo hii miwili, tuliyoitunga kwa ajili ya somo:

Mto huu mto kweli, mkubwa sana hakika.

Lomami watoka mbali, Isangi jina lafia.

Kila mmoja una mizani 16 kamili, na mwenye haraka ataipa alama sawa. Sasa katika ule wa kwanza ondoeni «kweli», ondoeni «sana», ondoeni «hakika». Kimepotea nini? Mto ungali mkubwa. Maneno hayo matatu ni mchanga uliotiwa katika gunia la mpunga ili lizidi uzito. Katika mshororo wa pili, ukiondoa «mbali», safari yote ya mto tangu pande za Katanga yafutika. Tena angalieni «lafia». Maji ya Lomami hayafi. Huingia katika mto Kongo na kuendelea na safari. Kinachokufa ni jina, na herufi moja tu, ile i, yatuonyesha mahali linapofia. Mwanafunzi akiona jambo hilo amejifunza shairi kuliko aliyehesabu beti mia.

Watu wa Isangi wanao ushahidi mwingine karibu nao, yaani ngoma ya Walokele, ile ya gogo lililochimbwa, yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. John Carrington, mmisionari Mbaptisti wa Yakusu, aliieleza katika kitabu chake cha 1949. Kilokele ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti, na ngoma hutoa sauti hizo tu, bila herufi. Neno la mwezi, la kuku na la samaki fulani yana sauti zile zile. Kwa ngoma peke yake hayatofautiani. Kwa hiyo mpigaji huliongezea kila moja fungu la maneno linalojulikana, na msikilizaji wa ng'ambo hutambua linalosemwa.

Pengine mtu atatuambia: basi ngoma nayo hujaza maneno! Sivyo. Ngoma hurefusha kwa sababu bila urefu huo haitaeleweka. Mwanafunzi wetu alirefusha kwa sababu alibakiwa na mizani mbili, akaogopa kalamu nyekundu. Mtoto aliyezoea kusikia ngoma ana sikio tayari. Tusimfundishe kuliziba kwa vidole vya kuhesabia.

Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wapo wanaosema dawa ni kuacha vina na mizani kabisa. Hatuoni hivyo. Maneno ya bure huingia katika shairi huru vile vile, tena huko hayana hata udhuru wa kina.

Kwa hiyo, hesabu ikiisha, mwalimu na afute neno moja ubaoni, awaulize watoto kimepotea nini. Wakijibu, «Mizani tu, mwalimu,» neno hilo lisirudi. Watafute jingine, hata kama kengele italia kabla ya ubeti mmoja kumalizika.