Mageuko ya Viumbe: Kifaa Kipi Kinamsaidia Mtoto Wetu?

Mtoto wa Terrat anayehudhuria mafundisho ya kipaimara ndiye huyo huyo anayekaa darasani siku ya Jumatatu. Katika somo la historia anakutana na zamadamu, na katika baiolojia anakutana na mageuko ya viumbe. Shule ya sekondari inamfundisha baiolojia kwa Kiingereza. Imani ameipokea kwa Kiswahili, na pengine nyumbani wanasema Kimaasai. Wengi hujifunza kutoa jibu moja shuleni na jingine kanisani. Hapo pana hatari, maana anayezoea kuwa na majibu mawili anaweza mwishowe asiamini lolote. Kwa hiyo inatupasa kuvipima vifaa anavyofundishiwa, vya shule na vya kanisa pia.

Tuanze na kinachojulikana kuliko vyote: ile picha ya msururu. Nyuma yupo kiumbe kama sokwe, ameinama. Kila aliye mbele yake amenyooka zaidi, hadi tunamfikia mwanadamu. Mchoro wake wa asili uliochorwa na Rudolph Zallinger ulitoka katika kitabu cha F. Clark Howell, huko Marekani, mwaka 1965, na tangu hapo umeigwa kila mahali. Kama kifaa cha kufundishia, ni kibovu. Unaonyesha ngazi moja, wakati sayansi yenyewe inazungumzia mti wenye matawi mengi, na mengine yamekauka. Hata Zinjanthropus, ambaye fuvu lake Mary Leakey alilipata Oldupai mwaka 1959, wataalamu wanamhesabu kuwa tawi la pembeni, wala si babu yetu.

Picha hiyo inautia nguvu msemo kwamba mtu alikuwa nyani, nasi wahubiri mara nyingi tunasikika tukiupiga vita msemo huo. Lakini hakuna mwanasayansi makini anayesema kwamba nyani wa Momela watazaa mtu. Washarika hucheka, ila mwanafunzi aliyesoma vizuri anatambua kwamba mhubiri amejibu jambo ambalo halikusemwa. Akishatambua hivyo, atamsikilizaje tunapofika kwenye msalaba?

Kifaa cha pili ni bora zaidi. Katika Boma la Wajerumani mjini Arusha ipo Makumbusho ya Elimu Viumbe, yenye maonyesho juu ya mageuko ya binadamu. Sifa ya makumbusho ni kwamba inaweka ushahidi mbele ya macho. Chukua nyayo za Laetoli zilizofukuliwa mwaka 1978: viumbe waliotembea kwa miguu miwili walikanyaga majivu ya volkano yenye unyevu, yakakauka, yakafunikwa, yakakaa hivyo kwa takribani miaka milioni 3.6. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru hatuhitaji kuelezwa majivu ya volkano ni nini. Tena mwaka 2016 zilitangazwa nyayo nyingine za hapo hapo Laetoli, na miongoni mwa watafiti alikuwamo Profesa Fidelis Masao, Mtanzania. Basi tusiwaambie vijana kwamba haya ni maneno ya Wazungu tu. Kasoro iko katika ziara zetu: watoto hupita haraka, hunakili tarehe, na hawaulizwi, "Tumejuaje?"

Kifaa cha tatu hakina kiingilio, nacho ni josho. Mfugaji anajua kwamba dawa iliyoua kupe miaka iliyopita inaweza leo isiwaue. Wapo kupe wachache waliozaliwa na uwezo wa kuihimili. Wenzao wakafa, wao wakabaki na kuzaa. Vizazi vikipita, karibu wote wanaihimili. Hayo ndiyo mageuko, yanaonekana kwenye sikio la ng'ombe. Hata maziwa ya ng'ombe huyo yanafundisha. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta mabadiliko ya kurithi yanayowawezesha watu wazima kusaga maziwa tumboni, tofauti na yale ya Ulaya, nayo yalienea pamoja na ufugaji. Mwalimu anayeanzia hapo hamtishi mtoto yeyote.

Kifaa cha nne tunacho mikononi, nacho tunakitumia chini ya uwezo wake: Katekisimu Ndogo ya Luther. Kila mwanafunzi wa kipaimara anakariri maelezo ya fungu la uumbaji, na hapo anakiri kwamba Mungu amemuumba yeye mwenyewe pamoja na viumbe vyote. Anakiri hayo huku akijua kabisa kwamba alizaliwa na mama yake. Hakuna anayemwambia mama, "Kwa kuwa umemzaa wewe, basi Mungu hakumuumba." Tumezoea kukiri kwamba Mungu huumba kwa kutumia njia, na kuijua njia hakumwondoi Muumba. Luther hakuandika juu ya mageuko, lakini ametuachia namna ya kukiri isiyovunjika mtoto anapofungua kitabu cha baiolojia.

Sisemi kwamba maswali yameisha. Habari za Adamu, za dhambi na za kifo zinahitaji mafundisho ya uvumilivu, na kitabu cha sayansi kinachodai kuthibitisha kwamba hakuna Mungu kimevuka mpaka wake. Lakini mtoto hasaidiwi kwa kunyamazishwa. Katika sharika zetu wamo walimu wa baiolojia wanaokaa kimya kwenye mabenchi. Tuwaalike kwenye darasa la kipaimara, waketi pamoja na mchungaji, Katekisimu na kitabu cha shule vikiwa vimefunguliwa juu ya meza moja, na mtoto aulize kwa Kiswahili lile alilofundishwa kwa Kiingereza. Zaburi ya 111 inawataja wanaopendezwa na matendo ya Bwana na kuyatafakari. Nao ni watoto wetu.