Mpishi wa Kibo

Kosta inayotoka Arusha asubuhi kwenda lango la Momella hubeba viazi, unga, mayai na mitungi ya gesi kuliko inavyobeba watalii. Ukitaka kujua Mlima Meru unapandwaje, chungulia buti la gari.

Hans Meyer, Mjerumani, alijifunza hilo kwa kushindwa huko Kilimanjaro. Mwaka 1887 barafu ya Kibo, kilele cha mlima huo, ilimrudisha. Mwaka 1889 akaja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, na safari hii akapanga chakula kwanza.

Wapelelezi wenzao wa ncha za dunia walikuwa na unafuu: ghala lao lilielea. Fram, meli ya Fridtjof Nansen, iliponaswa na barafu ya Kaskazini mwaka 1893, watu 13 walikuwa wamekalia akiba ya miaka. Kibo hakuna meli. Meyer akawaacha wapagazi wengi chini, Marangu kwa Mangi Marealle, akaweka kambi ya kati, kisha hema dogo juu, yapata mita 4,300. Wapagazi wakapokezana kupandisha chakula. Hesabu yake ni rahisi: mpagazi akilala juu, anakula alichobeba, akishusha na kuteremka, mzigo unabaki.

Aliyebaki juu na Wazungu wale wawili ni mmoja tu, Mwini Amani wa Pangani. Mtu wa pwani, siku 16 kwenye baridi ile, akipika na kutafuta kuni mahali ambapo hata vichaka vinaadimika! Mzee Yohana Kinyala Lauwo, anayesemekana kumwongoza Meyer, tunamtaja, na ni haki yake. Amani tumemsahau mno.

Kazi yake ilionekana Oktoba 3. Purtscheller alikata ngazi kwenye barafu kwa shoka, kila hatua mapigo kama ishirini. Wakafika ukingo wa kreta wakiwa hoi, kilele bado kiko mbali. Kambi ingekuwa tupu, safari ingeishia hapo. Lakini palikuwa na moto na chakula. Wakapumzika, Oktoba 5 wakalala pangoni karibu na barafu, na kesho yake wakapita kwenye ngazi zilezile hadi kileleni.

Leo Meru kuna vibanda vya kulala, na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Ila pale kibanda cha Saddle, usiku wa manane, mpishi huamka kabla ya wote kuchemsha chai. Wageni wakishaondoka na tochi zao, yeye hubaki akiosha sufuria.