Makosa ya Luteni Columbo

Kijana mmoja wa hapa Mulekera, mpenda sinema, alinijia na karatasi iliyojaa maandiko pande zote mbili. Ni makosa aliyoyaona katika visa vya televisheni vya Luteni Columbo, yule mpelelezi wa Los Angeles mwenye koti la mvua kuukuu, aliyechezwa na Peter Falk tangu 1968 hata 2003. Wazee wakamcheka: mtu mzima anapoteza jioni zake kwa upuuzi!

Mimi sikumcheka. Katika visa hivi twaonyeshwa mwuaji tangu mwanzo. Utamu wote ni kumwona akinaswa kwa jambo dogo alilolisahau. Basi mtazamaji aliyefundishwa hivyo ana haki ya kumpima mtungaji kwa mizani ile ile.

Lakini makosa hayalingani. Motokari ya Luteni, Peugeot 403, ina namba 044 APD katika visa vya kwanza, na 448 DBZ katika vile vya baadaye. Na iwe hivyo. Sisi wa Beni hatushangai motokari ikibadili namba.

Kosa zito ni la mke. Columbo humtaja mkewe tangu 1968, wala hatumwoni kamwe. Ndiyo maana kila mtu humchora moyoni apendavyo. Mwaka 1979 kampuni ya NBC ikamtoa hadharani katika visa vyake mwenyewe, akichezwa na Kate Mulgrew, aliyezaliwa 1955. Haya, msomaji, piga hesabu: Luteni alipoanza kumsifu mkewe, bibi huyu alikuwa mtoto wa miaka 12! Watungaji, wakitaka kujiponya, wakampa talaka na jina jipya, Kate Callahan. Naye Columbo akarudi 1989 akimtaja mkewe kama zamani, kana kwamba hapana neno. Ndoa nzima ilivunjwa ofisini, mume asiulizwe! Hilo ndilo la kulaumu, maana linaharibu kisa chenyewe.

Tena liko shauri la jina. Mwaka 1974 Mmarekani Fred Worth alitoa kitabu cha mambo madogo madogo, akatia humo uongo mmoja kwa makusudi: kwamba jina la kwanza la Columbo ni Philip. Ulikuwa mtego wa kuwanasa wenye kunakili. Wenye mchezo wa maswali uitwao Trivial Pursuit wakanaswa. Mwaka 1984 Worth akawashtaki, akidai dola milioni 300. Akashindwa, maana mahakama ilisema habari za kweli si mali ya mtu. Na hali katika kisa kimoja cha 1971 kipande cha polisi cha Luteni chaonekana wazi, kimeandikwa Frank.

Nikaigeuza karatasi ya kijana wangu. Mstari wa mwisho kabisa: jina la Columbo ni Philip. Nikamwuliza amelipata wapi. Akasema, «Lakini Baba, kila mtu analijua.»